Kigingi cha Baba na Kanuni ya Nne

Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa mtu anayechukiwa kuliko wote hapa kijijini Pontwern, na nilikuwa nalipwa mshahara kwa hilo. Kazi yangu ilikuwa kukaa kiti cha kushoto ndani ya gari dogo, karatasi mapajani, nikiwatahini watu udereva. Nilimfelisha mchungaji wa kanisa letu kwa kutotazama kioo. Nilimfelisha mkunga aliyemzalisha mke wangu. Gwilym Beynon, muuza nyama, nilimfelisha mara nne, na ile ya nne ilikuwa siku mbili kabla ya harusi yake, ikabidi mama mkwe wake ndiye amwendeshe kwenda fungate. Nayasema haya mapema ili ujue kwa nini, zamu yangu ya kutahiniwa ilipofika, hakuna aliyenihurumia.

Naitwa Elfed Probert. Nimestaafu, nina goti moja bovu na jingine linalojiandaa, na navua samaki aina ya trauti katika Mto Gwernant kwa nzi wa bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa uzi na manyoya ili samaki adhani ni mdudu aliyeangukia majini. Nzi wangu nawafunga mwenyewe pale jikoni, na pengine shida ilianzia hapo. Binti yetu aliwahi kumwokota mmoja sakafuni akamgombeza paka kwa kutapika ndani.

Chama chetu kina kibanda cha mbao kando ya mto, na ndani ya kibanda kuna vigingi ishirini na viwili vya kutundikia makoti. Wanachama nao ni ishirini na wawili, hawazidi. Kigingi namba tisa kilikuwa cha baba yangu, kikawa changu alipofariki, na chini yake kuna herufi za jina lake alizozichoma kwa msumari wa moto. Kigingi huachwa wazi kwa njia mbili tu. Ya kwanza ni kufa. Ya pili ni kanuni ya saba, isemayo kwamba mwanachama akimaliza misimu mitatu mfululizo bila samaki hata mmoja katika kitabu cha chama, kigingi chake kinakwenda kwa wa kwanza kwenye orodha ya wanaosubiri. Katika miaka hamsini kanuni hiyo ilikuwa imemwondoa mtu mmoja, naye alikuwa amehamia Australia bila kuaga.

Mimi sikuwa nimehamia popote. Nilikuwa mtoni kila Jumamosi, nimevaa suruali ya mpira inayofika kifuani, nikirusha mshipi mpaka bega linalia. Msimu wa kwanza sikupata kitu, nikalaumu mvua. Wa pili nikalaumu ukame. Huu wa tatu ulifika siku yake ya mwisho, mwishoni mwa Septemba, na nilikuwa sijabakiza wa kumlaumu.

Kuna kanuni nyingine lazima niieleze, kwa sababu niliiandika mimi. Mwaka mmoja Dilwyn Rees, mfugaji wa kondoo wa ng'ambo ya mto, alileta habari za trauti mkubwa kuliko wote msimu ule. Tulipomhoji ikajulikana kwamba alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu, mshipi wake ukielea ovyo, samaki akajinasa mwenyewe. Wenzangu walicheka wakataka kumwandika. Mimi nikasimama. Nilizungumza dakika ishirini. Nilisema kuvua ni kumwona samaki, kumrushia na kumdanganya, na kwamba samaki aliyejinasa ni ajali, si uvuvi. Mwisho wake samaki wa Dilwyn akafutwa, na ikazaliwa kanuni ya nne: samaki ataandikwa tu kama alirushiwa nzi kwa makusudi, mbele ya shahidi, akapimwa kwa alama za mpini wa wavu, kisha akarudishwa majini. Nakala ya ukutani ni mwandiko wangu. Nilipigia mstari neno "makusudi" mara mbili.

Sasa mke wangu. Nesta alipika katika shule ya msingi miaka yote niliyokuwa nafelisha watu, na alipostaafu, miaka kumi na moja iliyopita, alinunua ufito wa kuvulia akaanza kwenda chini ya daraja, kwenye maji ya tope yanayonywewa na kondoo, ambako mtu asiye mwanachama anaruhusiwa kwa kibali cha siku. Alikuwa akirudi jioni anasema, "Nimepata wawili," nami nilikuwa nasema, "Mm," bila kuinua macho kwenye gazeti. Mwaka ule ule aliniambia amejiandikisha kwenye orodha ya kusubiri kigingi. Nilicheka. Nilimwambia walio mbele yake ni wengi na wote wana afya njema. Orodha yenyewe Gwilym, ambaye ndiye katibu wetu, anaifungia kwenye saraka, kwa sababu zamani waliomo walikuwa wakizidisha maswali kuhusu afya za wanachama. Suala hilo halikuzungumzwa tena nyumbani kwetu.

Siku hiyo ya mwisho nilikwenda na Nesta kwa kuwa kanuni ya nne inataka shahidi, na wanachama wenzangu wote walikuwa na kazi ya kuvua samaki. Mgeni anaruhusiwa kutazama, ila haruhusiwi kugusa ufito. Alikaa ukingoni juu ya koti lake, na mkate wa zabibu kavu na chupa ya chai, akanitazama jinsi mtu anavyotazama sufuria ya maziwa.

Majani ya miti ya ukingoni yalikuwa yameanza kugeuka manjano na kudondoka, na kila jani lililoelea lilinishtua nikidhani ni samaki. Maji yalikuwa machache na maangavu, unaona kila kokoto, maana yake samaki nao walikuwa wananiona mimi. Nzi wa kwanza nilimwacha juu ya mti. Wa pili nikampeleka akamfanyie mwenzake kampani. Wa tatu aliukosa mti, akamnasa kondoo wa Dilwyn mgongoni, na yule kondoo akaondoka naye bila haraka. Ilipofika saa saba mchana nilikuwa nimevua kofia yangu mwenyewe mara mbili.

"Elfed," Nesta akaniita.

"Naona."

"Huoni kitu. Yuko chini ya ule mti ulioinama. Mkono mmoja tu kutoka ukingoni. Tazama, kala tena."

"Si nimesema naona?"

"Sasa mbona unarushia kule?"

"Namzunguka."

"Unamzunguka? Kwani huyo samaki ana mlango wa nyuma?"

Nilirusha tena. Mshipi ukaanguka majini kwa kishindo, na vitoto vyote vya samaki kuanzia pale hadi darajani vikatawanyika.

"Fupisha mshipi, mume wangu," akasema Nesta. "Na bega uliache. Unarusha kama unafukuza mbwa."

"Tangu lini ukawa mwalimu wangu?"

"Haya, nimenyamaza."

Akanyamaza kweli, akakata mkate. Na kunyamaza kwake kulinikera zaidi ya maneno. Nilikuwa na hofu, ndiyo ukweli wenyewe. Kigingi namba tisa kilikuwa kitu pekee alichoniachia baba ambacho watu wangeweza kukiona, na nilikuwa nakwenda kukipoteza kwa kukosa kitu ambacho watoto wa miaka minane hukipata kwa kipande cha mkate na uzi wa kushonea.

Ilipofika saa kumi nikakata tamaa. Sikuitangaza. Nilisema tu, "Hebu tunywe chai," nikautia ufito kwapani, mshipi bado unaelea majini, nikaupa mto mgongo, nikachukua ile chupa mikononi mwa Nesta. Kifuniko chake kina kisirani, hakifunguki bila kupiganiwa. Nilikuwa nimekikamata kwa mikono miwili, nimekunja uso, nimesimama maji ya magotini, wakati kitu kilipouvuta ufito kutoka kwapani kwangu.

Nikadhani nimenasa mzizi. Mizizi huwa haikimbii. Huu ulikimbia.

Sitaieleza vita yenyewe, kwa sababu sehemu kubwa niliipigana nimekaa chini. Nilichuchumaa, nikateleza, chai ikaenda na maji, lakini ufito sikuuachia, na mwisho Nesta akanirushia wavu, nikamwingiza trauti ndani yake zaidi kwa bahati ya samaki kuchoka kuliko ujuzi wangu. Alama saba za mpini. Alikuwa na tumbo la manjano na madoa mekundu, na mdomoni kaning'inia yule nzi wangu mwenye sura ya matapishi ya paka. Nilimshika kwenye maji mpaka alipopata nguvu, akaponyoka, akarudi chini ya ule mti wake ulioinama.

Nesta akaupokea wavu. "Umempata."

"Nimempata?"

"Nimeona kwa macho yangu."

Tukatembea hadi kibandani. Suruali yangu ilikuwa imejaa maji na ilitoa mlio kila hatua. Njiani nilijiambia kwamba ufito ulikuwa wangu. Nzi alikuwa wangu. Hata kwapa lilikuwa langu. Nilijitetea vizuri sana, na bado nilihisi vibaya.

Ndani ya kibanda jiko lilikuwa linawaka. Dilwyn alikuwa amelikalia karibu, soksi zake zinafuka moshi, na Gwilym yuko mezani na kitabu cha chama. Kwa kila samaki mvuvi anaulizwa maswali matatu, hayabadiliki.

"Karibu, bwana mkaguzi," Gwilym akasema. Mpaka leo ananiita hivyo, tangu enzi za mitihani yake. "Nimeshanoa kalamu ya kukuaga nayo."

"Nina samaki. Alama saba."

Dilwyn akageuka. Gwilym akaiweka kalamu chini, akaishika tena.

"Nzi gani?"

"Wa kwangu. Wa kahawia."

"Wako wote ni wa kahawia. Haya. Ulimrushia kutoka wapi?"

Nilifungua mdomo. Juu ya kichwa cha Gwilym, ukutani, mwandiko wangu ulikuwa unanitazama, na lile neno lenye mistari miwili.

"Kutoka kwenye kokoto, chini kidogo ya mti ulioinama," akasema Nesta nyuma yangu. "Mrusho mmoja, safi. Nilikuwepo, nimeona."

Gwilym akainua kalamu. "Una hakika, Nesta?"

"Wewe nimewahi kukuuliza kama una hakika na mizani yako?"

Dilwyn akakohoa kicheko. Gwilym akainama akaandika polepole, herufi moja moja, jina langu, tarehe, alama saba. Halafu akafunga kitabu.

"Imekwisha hiyo. Kigingi ni chako, bwana mkaguzi, na misimu mingine mitatu ya kututesa. Pole lakini, Nesta. Itabidi usubiri tena."

"Asubiri nini?" nikauliza.

"Kigingi. Yeye ndiye wa kwanza kwenye orodha, tangu Pasaka. Kwani hakukwambia?"

Nilimgeukia mke wangu. Alikuwa anakung'uta makombo ya mkate kwenye koti lake, ambalo lilikuwa limelowa na kuingia tope kwa kukaliwa siku nzima, kwa kuwa koti la mgeni halina pa kutundikwa. Hakuniangalia.

Lazima nimweleze Nesta kidogo hapa. Huyu ni mwanamke aliyewahi kurudi dukani kwa miguu, mvua inanyesha, kwa sababu walimzidishia viazi viwili. Nimeishi naye miaka arobaini na sijamsikia akisema uongo, hata ule wa kumsifia mtu kwa nywele zake mpya. Uongo wake wa kwanza ulikuwa huu, na ameutoa kwa ajili yangu, na kwa uongo huo amejinyima mwenyewe kitu alichokisubiri miaka kumi na moja. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Na bado, nitasema kweli, kwanza nilitafuta njia ya mkato. Nilitazama vigingi kutoka namba moja mpaka ishirini na mbili. Nilipofika mwisho nilitamani vingekuwa thelathini.

"Gwilym," nikasema. "Mfute."

"Nani?"

"Samaki wangu. Nilikuwa nafungua chai."

Gwilym akaegemea meza kwa viwiko.

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nafungua chai. Niliupa mto mgongo, ufito uko kwapani. Kajinasa mwenyewe."

Dilwyn alianza kucheka taratibu, kutokea tumboni, na kadiri alivyocheka ndivyo kiti chake kilivyozidi kusogelea jiko. "Mimi nilikuwa nafunga kiatu," akasema alipopata pumzi. "Lakini jamani, mimi angalau nilikuwa nimeutazama mto."

"Basi na wako arudishwe," nikamwambia. "Mfuteni wangu, mwandikeni wake."

"Thubutu," Gwilym akasema. "Kanuni ni kanuni." Alikuwa amekwisha kufungua kitabu. Akaweka rula chini ya jina langu, akapiga mstari kwa utulivu ambao sijawahi kumwona nao hata anapokata nyama ya mchungaji. Kisha akainua uso. "Kosa moja kubwa, bwana mkaguzi. Nasikitika kukuarifu kwamba umefeli."

Maneno hayo ni yangu. Nilimwambia mara nne, kwa sauti ile ile. Nilijua amekuwa akiyahifadhi siku zote hizi, na kwa kweli aliyasema vizuri kuliko mimi.

"Naweza kurudia lini?"

"Orodha ina watu kumi na watatu mbele yako. Wote wana afya njema."

Nesta akanivuta pembeni. Alikuwa amekasirika, nami nilistahili.

"Mjinga wewe. Si nilishasema?"

"Ulisema."

"Kigingi cha baba yako, Elfed."

"Baba alikuwa anatundikia koti tu pale. Kwa nini hukuniambia umefika wa kwanza?"

"Nilikwambia nimejiandikisha, ukacheka. Sasa nikwambie mara ngapi?"

Nikaenda kwenye namba tisa nikaondoa koti langu. Hakuna aliyefanya mzaha wakati huo, hata Gwilym, ambaye ghafla aliona kuni zinahitaji kupangwa.

"Gwilym," Nesta akaita. "Kigingi ni changu kuanzia lini?"

Gwilym akatazama saa ya ukutani. "Kuanzia sasa hivi. Saa kumi na moja na robo."

"Na msimu unafungwa saa ngapi?"

"Jua likizama."

"Lete nisaini. Elfed, nipe ufito wako."

"Mgeni anaruhusiwa kuja?" nikauliza.

"Mgeni anakuja," akasema mke wangu, "ila haruhusiwi kugusa."

Alimkata nzi wangu, akatoa mfukoni kopo dogo la dawa ya kikohozi, na humo ndani kulikuwa na nzi wake, amewafunga mwenyewe, mimi sijui lini wala wapi, maana jikoni nilikuwepo mimi. Walikuwa wadogo sana, kila mmoja na mabawa yake. Mmoja nilitaka kumpiga kofi.

Tukarudi kwenye mti ulioinama. Safari hii mimi ndiye niliyekaa ukingoni, juu ya koti langu, kwenye unyevu. Nesta hakuingia majini. Alipiga magoti kwenye nyasi, mbali na maji, akatulia muda mrefu kiasi kwamba nilitaka kumwuliza kama anajisikia vizuri. Alikuwa anatazama. Kisha mkono wake ukasogea, mkono tu, bega limetulia, na mshipi ukapita juu ya maji, ukanyooka, ukashuka bila sauti. Nzi akakaa juu ya maji akaanza kuja na mkondo. Akarusha tena, kiganja kimoja kulia zaidi. Mara ya tatu maji yakafanya duara dogo na nzi hakuwepo.

Hakuwa samaki mkubwa, alama tano. Yule wa alama saba nadhani alikuwa bado amekasirika. Nesta alimleta wavuni, akampima, akamwachia, na muda wote huo hakukaa chini hata mara moja.

Kwa miaka kumi na moja mwanamke huyu alikuwa akitoka na ufito na kurudi jioni, akiniambia amepata wawili, amepata watatu, na daraja liko dakika nane kutoka mlangoni kwetu. Sikuwahi kwenda. Nilikuwa sijawahi, hata siku moja, kumwona mke wangu akivua.

Jua lilikuwa limegusa kilima tulipoingia kibandani. Nesta alitundika koti lake kwenye namba tisa, tope na makombo vyote, akasimama mbele ya meza. Mimi nilisimama karibu na mlango na langu mkononi. Gwilym akalowesha kidole kwa ulimi, akafungua ukurasa.

"Nzi gani?"

Nesta akamjibu.

"Ulimrushia kutoka wapi?"

Akamjibu na hilo pia, mpaka jani la nyasi.

"Na nani kaona?"

"Mimi," nikasema. "Nimeona mwanzo mpaka mwisho."

Gwilym akainama, akaandika.